Biskuti za Chupani kwa Wageni wa Arusi: Kazi ya Kikundi Isiyo na Hasara

Siku hizi ukialikwa arusi, hasa zile za mjini, unaweza kukuta juu ya meza kitu kidogo kilichofungwa kwa utepe na kuandikwa majina ya bwana na bibi arusi. Ni zawadi ya mgeni kwenda nayo nyumbani. Wengine huweka kalamu, wengine kikombe, wengine mche wa kupanda. Na wengine huweka chupa ndogo ya biskuti zilizookwa nyumbani.

Vikundi vingi vya kina mama, na vijana pia, tayari vinajua kuoka. Kuna vikundi vyenye oveni ya matofali, na vingine hutumia sufuria na makaa. Basi mtu akija na kusema, "Kina mama, mnaweza kunitengenezea chupa mia za biskuti kwa arusi ya binti yangu?" mnaweza kujibu ndiyo haraka sana. Lakini kabla ya kujibu, inafaa kikundi kijue mambo matatu: ni vyakula gani vinakubali kukaa ndani ya chupa, ni vipi vinaweza kuwadhuru wageni, na bei gani itawaacha na faida badala ya deni. Makala hii inaeleza hayo yote hatua kwa hatua. Isomeni pamoja kwenye mkutano, na katibu aandike yale mtakayokubaliana.

DESTURI HII IMETOKA WAPI?

Kumpa mgeni kitu cha kubeba si jambo geni kwetu. Katika sehemu nyingi za Kenya mgeni haondoki mikono mitupu. Huko pwani, karamu ya arusi ina vitamu vyake: visheti, kaimati, vileja, halua, na mara nyingi mgeni hufungiwa kidogo awapelekee watoto.

Ulaya nao wana yao. Italia, wageni wa arusi hupewa lozi zilizofunikwa sukari, mara nyingi 5 kwa kila mtu: moja ya afya, moja ya mali, moja ya furaha, moja ya watoto, na moja ya maisha marefu. Mji wa Sulmona unajulikana sana kwa kutengeneza lozi hizo.

Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha ilikuja baadaye. Mwaka 1858, Mmarekani John Landis Mason alipata hati ya kumlinda kama mbunifu wa chupa ya kioo yenye mdomo wa kuzungusha kifuniko. Kina mama wa Marekani walizitumia kuhifadhi matunda na mboga, na siku hizi watu wanazipenda kwa urembo wake pia. Kutoka huko mtindo wa kutia vitamu chupani ukaenea mpaka ukafika kwenye arusi za kwetu. Mtindo wenyewe si mbaya. Lakini ulikuja pamoja na jambo moja la hatari, na hilo tulizungumze kwanza.

USIOKE KEKI NDANI YA CHUPA UKAIFUNGA

Kuna watu wanaofundisha namna hii: mimina mchanganyiko wa keki ndani ya chupa ya kioo, oka, kisha keki ikiwa bado moto funga kifuniko kabisa. Chupa ikipoa, kifuniko huvutwa ndani na kukaza. Ati keki hiyo itakaa mwaka mzima kabatini. Inapendeza macho, na ndiyo maana watu huipenda. Lakini ni hatari.

Sababu yenyewe ni hii. Udongoni na vumbini kuna vijidudu viitwavyo Clostridium botulinum. Mbegu zake ni ngumu sana. Maji yanayochemka hayaziui. Ili ziuawe kwa hakika, chakula chenye unyevu hupikwa kwa mvuke wa shinikizo mpaka kifike nyuzi 121 za Selsiasi, kama wanavyofanya viwandani. Sasa fikiria keki. Hata oveni ikiwa na nyuzi 180, katikati ya keki hakupiti nyuzi 100 hivi, kwa sababu mna maji. Mbegu zikiwamo, zinabaki hai.

Vijidudu hivi vinapenda mahali penye mambo manne: unyevu, chakula kisicho kichachu, joto la kawaida la nyumba, na pasipo hewa. Keki iliyofungwa chupani inaweza kuwa na yote manne. Hapo vinaota na kutoa sumu ya kuleta ugonjwa wa botulismu. Mgonjwa huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, kumeza kunakuwa kazi, kisha misuli inaishiwa nguvu mpaka ile ya kupumulia. Mara nyingi dalili huanza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja kesho. Na msitegemee pua zenu: chakula chenye sumu hii kinaweza kuwa hakina harufu yoyote mbaya.

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha ripoti ya madaktari juu ya watu wa hapa Kenya waliopatwa na botulismu baada ya kula kumbikumbi. Kumbikumbi ni chakula kizuri, na watu wengi wanakila kila msimu. Lakini chakula chochote chenye unyevu kikifungiwa pasipo hewa na kukaa, kinaweza kugeuka. Huko Marekani, kituo kinachoitwa National Center for Home Food Preservation, pamoja na maofisa wa ugani wa vyuo vikuu, wanawaonya watu wasihifadhi keki wala mikate chupani namna hii.

Kuna hatari ya pili. Chupa za jamu na kahawa hazikutengenezwa kuingia kwenye oveni kavu. Kioo kinaweza kupasuka, ukamchoma mwokaji au kipande kikabaki ndani ya keki.

Kwa hiyo kikundi kiweke sheria moja: chupani tunatia vitu vikavu tu, na tunavitia vikiwa vimeshapoa. Mteja akitaka keki laini, aikate na kuigawa siku hiyo hiyo ya arusi.

NI VITU GANI VINAFAA?

Siri ya chakula kukaa chupani ni ukavu. Vijidudu vinahitaji maji kama sisi. Biskuti iliyookwa vizuri ina maji kidogo sana, kwa hiyo havipati nafasi.

Vinavyofaa:
- Biskuti za majarini au siagi, zisizo na jamu wala krimu katikati.
- Biskuti za tangawizi, iliki, simsim au nazi kavu iliyokunwa.
- Vileja vya unga wa mchele, kama wanavyooka pwani, vikiwa vimekauka.
- Keki kavu, yaani keki iliyookwa mara mbili. Hii tutaieleza hapa chini.

Visivyofaa:
- Keki laini, mkate wa ndizi, mkate wa maboga, na chochote chenye matunda mabichi.
- Mandazi na kaimati. Hivi ni vya kuliwa siku ile ile.
- Biskuti zenye krimu, jibini au jamu katikati.

Karanga zinaweza kutumika, lakini chagueni kwa makini. Karanga iliyokunjamana, yenye ukungu au uchungu itupwe, kwa sababu huenda ina sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, na kuoka hakuiondoi. Tena kuna watu ambao miili yao haikubali karanga hata kidogo; wakila wanavimba na kushindwa kupumua. Kwa arusi ya watu mia mbili hamjui ni nani yuko hivyo. Mkitumia karanga, andikeni wazi kwenye lebo.

KUTAYARISHA CHUPA

Chupa mpya ni nzuri lakini zina gharama. Vikundi vingi vinaweza kuanza kukusanya chupa zilizotumika miezi mitatu kabla: chupa za jamu, za kahawa, za siagi ya karanga. Waambieni majirani, hoteli na shule wawawekee. Zingatieni haya:

1. Msipokee chupa iliyowahi kutiwa dawa ya mifugo, dawa ya kunyunyizia mimea, mafuta ya taa au rangi. Mkikosa uhakika, ikataeni.
2. Pitisha kidole polepole kwenye mdomo wa chupa. Yenye ufa au pengo iwekwe kando.
3. Osha kwa maji ya moto na sabuni, toa karatasi yote ya zamani. Karatasi ikikataa, loweka usiku kucha.
4. Weka chupa ndani ya sufuria ya maji baridi, kisha ndipo uwashe moto. Ukitia chupa baridi kwenye maji yanayochemka itapasuka. Zikishachemka, ziache dakika 10. Ninyi mnaokaa juu, kama Limuru au Nyahururu, maji yenu huchemka kabla hayajafika nyuzi 95, kwa hiyo ongezeni dakika 10.
5. Zitoe, zipindue juu ya kitambaa safi, zikauke kabisa. Tone moja la maji linatosha kuharibu biskuti.
6. Nusa vifuniko. Kifuniko cha chupa ya achari hushika harufu hata kikioshwa mara kumi. Chenye kutu pia hakifai.

Chupa si lazima zifanane zote, lakini zipangeni kwa ukubwa ili mgeni mmoja asipate nyingi na mwingine chache. Kwenye arusi mambo kama hayo huleta maneno.

KUOKA BISKUTI ZA KIPIMO CHA MOJA, MBILI, TATU

Kipimo hiki ni rahisi kukumbuka hata kwa asiyesoma: sukari 1, majarini 2, unga 3. Vyote vipimwe kwa mizani, si kwa kikombe, kwa maana kikombe cha unga na kikombe cha sukari havina uzito mmoja. Kama kikundi hakina mizani, mwombeni mwenye duka awapimie.

Kwa mchanganyiko mmoja:
- Sukari nusu kilo (iliyo laini ni bora)
- Majarini ngumu ya kuokea kilo 1
- Unga wa ngano wa kawaida kilo 1 na nusu
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Tangawizi ya unga vijiko 3 vya mezani, au iliki iliyosagwa vijiko 3 vya chai

Hakuna maji, hakuna maziwa, hakuna mayai. Ndiyo maana biskuti hii hukaa. Majarini zile nyepesi za kupaka mkate zina maji mengi. Hazifai kwa kazi hii.

Namna ya kutengeneza:

1. Piga majarini na sukari kwa mwiko mpaka ziwe laini na nyeupe. Kazi hii huchukua kama dakika 10, kwa hiyo pokezaneni.
2. Tia chumvi na viungo.
3. Chekecha unga, utie kidogo kidogo huku ukichanganya. Usikande kama chapati. Ukikanda sana biskuti inakuwa ngumu kama jiwe.
4. Sukuma mpaka unene wa nusu sentimita. Kata viduara vya sentimita 4 kwa kifuniko au kopo dogo. Kwanza hakikisheni vinapita kwenye mdomo wa chupa mlizo nazo.
5. Toboa kila kimoja kwa uma, panga kwenye bati, ukiacha nafasi.
6. Oka kwa moto wa kadiri, nyuzi 160 hadi 180, kwa dakika 15 hadi 20, mpaka kingo zianze kuwa na rangi ya dhahabu.
7. Acha dakika 5 kwenye bati, kisha hamishia kwenye wavu au ungo safi.

Mchanganyiko huu una uzito wa kilo 3 ukiwa mbichi. Ukishaokwa mtapata kilo 2.7 hivi, kwa kuwa maji ya majarini yametoka. Biskuti moja ikiwa gramu 10, hiyo ni kama biskuti 270. Mkitia 10 kwa kila chupa, ni chupa 27.

Wasio na oveni: chukua sufuria kubwa nzito, tia mchanga mkavu safi kina cha sentimita 3, panga mawe matatu madogo, na bati la biskuti likae juu ya mawe. Funika kwa kifuniko bapa. Weka makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko. Pasha dakika 20 kabla ya kuingiza biskuti. Kujua moto umefika, nyunyiza unga kidogo kwenye sahani ya bati na uingize kwa dakika 5. Ukiwa wa dhahabu, moto ni wa kadiri. Ukiwa wa hudhurungi iliyokolea, punguza makaa. Ukibaki mweupe, ongeza.

Fanyeni kazi hii nje au mahali penye madirisha wazi. Hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu kimya kimya.

KEKI KAVU

Oka keki yenu ya kawaida isiyo na matunda. Iache mpaka kesho yake, kisha ikate vidole vya unene wa sentimita 1. Vipange kwenye bati bila kugusana, virudishe kwenye moto mdogo wa nyuzi 120 hivi. Vigeuze kila nusu saa. Kwa kawaida vinahitaji saa moja na nusu au zaidi. Vunja kimoja: kikivunjika kwa mlio "ka!" mpaka katikati, kimekauka. Kikipinda, bado. Vikipoa ndipo vitiwe chupani. Mteja aliyetaka keki chupani mwonyesheni hii. Ladha ya keki ameipata, na hatari hakuna.

KUTIA CHUPANI NA KUTUNZA

Biskuti zipoe kabisa, saa mbili au zaidi. Zikifungwa zikiwa na joto hutoa mvuke, mvuke hugeuka maji, na biskuti zinalegea na kuota ukungu.

Mwenye kutia chupani aoshe mikono kwa sabuni, afunge kitambaa kichwani, na asiwe na kidonda mkononi, kikohozi wala tumbo la kuendesha. Tumieni koleo safi au kijiko.

Fanyeni jaribio hili kabla ya kukubali oda ya kwanza. Tieni biskuti kwenye chupa 3 na kuzifunga. Asubuhi yake tazameni kioo kwa ndani: kikiwa na ukungu wa mvuke, hazikukauka. Zikiwa sawa, fungueni chupa moja baada ya wiki 1, nyingine baada ya wiki 2, nyingine baada ya wiki 4. Onjeni. Majarini ikichacha mtasikia kwenye ulimi. Hapo mtajua wenyewe biskuti zenu zinakaa muda gani, na mtaandika tarehe ya mwisho bila kubahatisha. Kwa kuanzia, okeni siku 3 hadi 5 kabla ya arusi, na mwambie mteja zimalizwe ndani ya wiki 2.

Wekeni chupa mahali pakavu, pasipo jua, mbali na sabuni na mafuta ya taa. Biskuti hunyonya harufu upesi.

Juu ya kifuniko fungeni kitambaa cha kitenge au leso kilichokatwa mviringo, kwa kamba ya katani. Inapendeza na si ghali. Mabaki ya fundi cherehani yanatosha. Msifungie kwa mifuko ya plastiki: tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya, na faini yake inaanzia shilingi milioni 2.

Kwenye lebo andikeni: jina la chakula, vitu vilivyomo, uzito, tarehe ya kuokwa, tarehe ya mwisho ya kuliwa, jina la kikundi na namba ya simu. Majina ya maarusi yawe upande wa mbele. Hiyo lebo ndiyo itakayowaletea mteja mwingine.

HESABU: HAPA NDIPO VIKUNDI HUANGUKA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue oda ya chupa 100, kila moja gramu 100. Hiyo ni kilo 10 za biskuti. Mtahitaji michanganyiko 4, ambayo itatoa kama kilo 10.8. Ile sehemu ya kilo inayobaki ni ya zile zitakazovunjika. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Wekeni za soko lenu.

Sukari kilo 2 kwa sh. 160: sh. 320
Majarini kilo 4 kwa sh. 400: sh. 1,600
Unga kilo 6 kwa sh. 90: sh. 540
Viungo na chumvi: sh. 140
Makaa: sh. 300
Chupa 100 kwa sh. 30: sh. 3,000
Kitambaa na kamba: sh. 500
Lebo: sh. 400
Usafiri: sh. 600
Jumla ya pesa za mfukoni: sh. 7,400

Sasa jasho lenu. Watu 6, siku 2, sh. 400 kwa siku: sh. 4,800.

Jumla kamili: sh. 12,200. Gawanya kwa 100, kila chupa imewagharimu sh. 122.

Mkiuza kwa sh. 150, mtapata sh. 15,000. Mkitoa gharama zote, na kila mtu akishalipwa, kikundi kinabaki na sh. 2,800 za kuweka akiba.

Lakini tuseme mteja analia kuwa arusi ina mambo mengi, nanyi mkamhurumia mkauza kwa sh. 80. Mtapokea sh. 8,000. Toa sh. 7,400. Zinabaki sh. 600 kwa watu 6 waliofanya kazi siku 2. Yaani kila mama amefanya kazi kutwa kwa sh. 50. Na huenda siku hizo hizo aliacha shamba lake au alikataa kibarua. Pesa mlipokea, ndiyo, lakini ni ninyi mliomchangia mteja arusi.

Mkitaka kumpunguzia mtu, punguzeni kitu na si jasho. Aweke biskuti 6 badala ya 10, au alete chupa mwenyewe, au familia moja ipewe chupa moja badala ya kila mgeni. Akileta chupa, bei inashuka kwa sh. 30 na ninyi hamjapoteza kitu.

MAKUBALIANO NA KAMATI YA ARUSI

Pesa za arusi za kwetu mara nyingi hutoka kwenye michango, na michango huchelewa. Msinunue chochote kwa ahadi. Itisheni nusu ya pesa wakati wa kuweka oda. Katika mfano wetu nusu ni sh. 7,500, nazo zinatosha kununua vitu vyote vya sh. 7,400. Hata arusi ikiahirishwa, akiba ya kikundi haijaguswa. Nusu ya pili ilipwe kabla chupa hazijapakiwa kwenye gari. Baada ya arusi kamati huvunjika, na kumtafuta mweka hazina wake ni kazi kweli.

Hata kama mteja ni mwana wa mwenyekiti, andikianeni. Karatasi moja inatosha: idadi ya chupa, aina ya biskuti, bei, pesa zilizolipwa, siku ya kuchukua, na nani atabeba hasara ya zitakazovunjika njiani. Watie sahihi wawili wa kikundi na mmoja wa kamati. Malipo ya simu yaende kwenye laini ya kikundi, si ya mtu binafsi.

SHERIA INASEMAJE?

Anayetengeneza chakula cha kuuza anatakiwa awe amepimwa na kuwa na cheti cha afya. Mwoneni afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Atawaambia pia juu ya leseni ya kaunti na hali ya mahali pa kuokea. Mkianza kuuza madukani, mtahitaji pia alama ya ubora ya KEBS. Kikundi chenyewe kiwe kimesajiliwa na ofisi ya huduma za jamii. Msiyaogope maofisi haya. Mkienda wenyewe mapema mnapewa ushauri. Mkingoja wawafuate mnapewa faini.

MASWALI AMBAYO VIKUNDI HUULIZA

Je, tukiweka keki laini chupani bila kukaza kifuniko?
Hiyo ni keki ya kuliwa siku ile ile au kesho yake, kama keki nyingine yoyote. Chupa haiongezi maisha ya keki. Tena tieni keki iliyokwisha kuokwa na kupoa, msioke ndani ya chupa.

Tukichemsha chupa yenye keki, si vijidudu vitakufa?
Vijidudu vyenyewe vitakufa, lakini mbegu zake hapana. Baadaye zitaota.

Biskuti zimelegea, tufanye nini?
Kama hazina ukungu wala harufu, zirudisheni kwenye moto mdogo dakika 10, zipoe, zifungwe tena. Zenye ukungu zitupwe zote za chupa hiyo, msichague.

Zilizovunjika je?
Zipimwe na kuandikwa, kisha ziuzwe kwa bei ya chini kwenye kikao au kwa watoto wa shule. Zikigawanywa bila kuandikwa, kesho ndizo zitakazoleta ugomvi.

Tuanze na oda kubwa?
Hapana. Anzeni na chupa 20 kwa sherehe ndogo, kama ubatizo au kuhitimu. Mkishaona chupa zimerudi mikono mitupu na sifa zimetangulia, ndipo mkubali arusi ya Desemba.

YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kati yetu nani ana chupa nyumbani, na tunaweza kukusanya ngapi kwa miezi mitatu?
2. Siku moja ya kazi ya mwanachama tunaihesabu kuwa shilingi ngapi?
3. Nani atakuwa na daftari la oda, na nani atakagua?
4. Mteja akisisitiza tumwokee keki ndani ya chupa na kuifunga, na yuko tayari kulipa mara mbili, tutamjibu nini?

Swali la nne lijibiwe na kila mwanachama, mmoja mmoja, kabla oda ya kwanza haijaja. Oda ya arusi moja ni ya siku moja. Mgeni akiugua kwa chupa yenye jina lenu, hakuna atakayewaletea kazi tena, na pesa mlizolipwa hazitarudisha afya yake.